Khiyari ya Aibu: Kutoka Soko la Ngamia hadi Magari Yaliyotumika ya Makongolosi

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, aliyehalalisha biashara na kuharamisha riba. Rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (s.a.w.), ahli zake na Maswahaba wake wote.

Mada hii imetokana na swali lililoulizwa baada ya sala ya Ijumaa katika mji mdogo wa Makongolosi, wilayani Chunya, mkoani Mbeya. Ndugu mmoja, mchimbaji mdogo wa dhahabu, alipata fungu lake baada ya duara lao kutoa mali. Hakutaka fedha ile ipotee mikononi, akanunua gari aina ya Noah iliyokwisha tumika ili ibebe abiria kati ya Makongolosi na Chunya. Muuzaji hakuwa mtu wa mbali. Walikuwa wakisimama safu moja. Akamwambia kuwa gari haina tatizo lolote, na katika karatasi ya mauziano wakaandika kwamba gari "imeuzwa kama ilivyo".

Wiki ya pili injini ikaanza kuchemsha. Fundi alipoishusha alikuta bloku imepasuka na kuchomelewa zamani, na ndani imetiwa oili nzito ili moshi usionekane. Mnunuzi akarudi kwa muuzaji, naye akajibiwa: "Ulikagua mwenyewe, na karatasi inasema kama ilivyo." Tangu siku hiyo mmoja wao amehamia msikiti mwingine. Swali likawa: je, maneno "kama ilivyo" yanamtoa muuzaji katika dhima mbele ya sheria ya Allah (s.w.)?

Wapo watakaosema kuwa hili ni jambo la kileo, na vitabu vya fiqhi havikuyajua magari. Ni kweli havikuyajua magari. Lakini vilimjua ngamia, farasi na punda, ambao ndio waliokuwa vyombo vya usafiri, na ambao wengi wao waliuzwa wakiwa wamekwisha tumika. Historia ya haki ya mnunuzi ilianzia huko, na swali la ndugu yetu wa Makongolosi limekwisha ulizwa zaidi ya miaka 1300 iliyopita, karibu kwa maneno yale yale.

MSINGI ULIOWEKWA MADINA

Inafahamika vyema, kama alivyopokea Imamu Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akaingiza mkono katika lundo la chakula, vidole vyake vikakuta unyevu chini ilhali juu ni pakavu. Muuzaji akasema kimenyeshewa na mvua. Mtume (s.a.w.) akamhoji kwa nini hakuweka kilicholowa juu ili watu wakione, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi si miongoni mwetu. Tuzingatie kwamba muuzaji yule hakusema uongo wowote. Kosa lake lilikuwa kuupanga mzigo kwa namna ambayo jicho la mnunuzi lisifike penye kasoro.

Hadithi nyingine, iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.), inahusu mnyama aliyefungwa chuchu. Baadhi ya wauzaji waliacha kumkamua ngamia au kondoo kwa siku kadhaa ili kiwele kijae, mnunuzi adhani kuwa ni mwenye maziwa mengi. Mtume (s.a.w.) akampa mnunuzi hiyari baada ya kumkamua: akiridhika ambakishe, asiporidhika amrudishe pamoja na pishi ya tende kuwa badala ya maziwa. Katika baadhi ya riwaya hiyari hiyo imewekewa siku 3.

Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi walilipanua jambo hili kwa kiyasi. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277 Miladia), ametaja katika Minhaj kuwa hukumu hiyo hiyo inamhusu anayezuia maji ya kinu cha kusagia ili yaachiliwe kwa nguvu siku ya kuuza. Vilevile inamhusu, katika zama zile za utumwa, anayempaka mtumwa rangi nyeusi kwenye nywele ili aonekane kijana. Ni ipi tofauti ya kupaka mvi rangi na kurudisha nyuma kilomita za gari? Kila moja ni kuficha umri wa kitu kwa alama ya uongo, na kila moja inampa mnunuzi haki ya kurudisha.

NGAMIA WA WATHILA

Imamu Ahmad amepokea kisa ambacho kinastahiki kusomwa katika kila yadi ya magari. Mtu mmoja alinunua ngamia kutoka nyumbani kwa Swahaba Wathila bin al-Asqa (r.a.). Alipokuwa anaondoka naye, Wathila alimfuata mbio huku akiburuta nguo yake, akamuuliza kama amebainishiwa hali ya ngamia yule. Mnunuzi akajibu kuwa anamwona amenona na afya yake iko wazi. Wathila akamuuliza tena: unamtaka kwa safari au kwa nyama? Akasema anataka kwenda naye Hija. Hapo Wathila akamweleza kuwa ukwato wake umetoboka. Mwenye ngamia akakasirika na kumwambia Wathila kuwa anamharibia biashara. Wathila akajibu kuwa amemsikia Mtume (s.a.w.) akieleza kuwa si halali kwa mtu kuuza kitu ila abainishe kilichomo, na si halali kwa anayejua kasoro ile kunyamaza.

Kisa hiki kina mambo mawili. La kwanza, kasoro inapimwa kwa makusudio ya mnunuzi. Ukwato uliotoboka si hasara kwa mwenye kutaka nyama, bali ni hasara kubwa kwa mwenye safari ya Makka. La pili, wajibu wa kusema haukuishia kwa muuzaji. Unamfikia dalali anayejua, fundi anayejua, hata jirani anayejua. Fundi aliyeichomelea bloku, kisha akaona gari ile ile inauzwa naye akanyamaza, yumo ndani ya hadithi hii.

DHAMANA YA SIKU TATU

Wengi wanadhani waranti ni jambo lililoletwa na viwanda vya Ulaya na Japani. Imamu Malik, aliyefariki mwaka 179 Hijria (795 Miladia), ametaja katika Muwatta kuwa magavana wa Madina, Aban bin Uthman na Hisham bin Ismail, walikuwa wakitaja katika hotuba zao jambo liitwalo uhda. Maana yake ni kuwa kasoro yoyote itakayoonekana kwa mtumwa ndani ya siku 3 tangu kununuliwa iko juu ya muuzaji, na maradhi makubwa matatu, yaani wazimu, ukoma na mbalanga, yako juu yake kwa mwaka mzima.

Hii ni dhamana ya muda maalumu, yenye orodha ya kasoro inazozihusu, tena ikitangazwa juu ya mimbari. Imamu Shafi na Imamu Abu Hanifa hawakuichukua kanuni hii kama ilivyo, na Wamalik wenyewe waliihusisha na watumwa. Lakini madhehebu yote manne yamekubaliana juu ya hiyari ya sharti, yaani mnunuzi kujiwekea muda wa kujaribu. Kwa Shafi na Abu Hanifa muda huo hauzidi siku 3. Kwa Malik ni kwa kadiri ya haja ya kitu chenyewe. Na kwa Ahmad, ni muda wowote uliojulikana. Basi mnunuzi wa gari anayeandika "nina hiyari ya siku 3 nimpelekee fundi" hakuzua jambo.

"KAMA ILIVYO" MBELE YA SAYYIDNA UTHMAN

Sasa tufike penye swali lenyewe. Imamu Malik amepokea kuwa Abdullah bin Umar (r.a.) aliuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la baraa, yaani muuzaji kujitoa katika dhima ya kasoro. Haya ndiyo maneno "kama ilivyo" ya zama zile. Baadaye mnunuzi akadai kuwa mtumwa ana maradhi ambayo hakuambiwa. Wakafika mbele ya Khalifa Uthman bin Affan (r.a.). Ibn Umar akasema ameuza kwa baraa. Sayyidna Uthman hakutosheka na hilo. Akamtaka aape kuwa alipouza hakuwa akijua maradhi yoyote. Ibn Umar akakataa kuapa, akamchukua tena mtumwa wake. Akapona akiwa kwake, kisha akamuuza kwa dirhamu 1500.

Kutokana na hukumu hii wanazuoni walitofautiana. Kwa Wahanafi, sharti la baraa linasihi katika kila kasoro, aijue muuzaji au asiijue. Na Majalla, sheria ya dola ya Uthmaniyya iliyokamilishwa mwaka 1876, ilifuata kauli hiyo. Kauli yenye nguvu kwa Imamu Shafi, kama alivyoiandika Nawawi, ni finyu zaidi: sharti hilo linamtoa muuzaji katika kasoro ya ndani ya mnyama tu, tena ambayo hakuijua. Sababu waliyoitoa ni kuwa mnyama hula akiwa mzima na akiwa mgonjwa, tabia yake hugeuka, na ni nadra kusalimika na kasoro iliyojificha. Kitu kisicho na uhai hakina udhuru huo. Kwa hiyo nguo, nyumba, na kwa kiyasi hicho gari, haviingii katika ruhusa ya baraa.

Wauza magari hupenda kusema kuwa gari ni chuma, na chuma hakiaminiki. Kwa fiqhi ya Shafi hoja hiyo inawageukia, kwa sababu gari ni chuma, wala si mnyama. Chuma kilichopasuka jana hakiwezi kuonekana kizima leo ila kwa mkono wa mtu.

DALALI NA DAFTARI LAKE

Haki hizi hazikuachiwa dhamiri za watu peke yake. Dola za Kiislamu ziliweka muhtasib wa kusimamia soko, na zipo riwaya kuwa Sayyidna Umar (r.a.) alimpa ash-Shifa bint Abdullah (r.a.) sehemu ya usimamizi wa soko la Madina. Katika karne ya 6 Hijria (ya 12 Miladia) ash-Shayzari wa Sham aliandika kitabu cha kumwongoza muhtasib. Humo anamtaka dalali wa wanyama asiuze mnyama mpaka amjue muuzaji au aletewe anayemjua, na aandike jina lake katika daftari, ili mnyama asije akawa mwenye kasoro au wa wizi.

Hili ndilo tunaloliomba leo kwa kadi ya gari na kwa kubadilisha jina la mmiliki katika Mamlaka ya Mapato. Wanunuzi wangapi wamekaa na gari miaka yenye kadi ya jina la mtu wasiyemjua, kwa sababu dalali hakuwa na daftari?

SHERIA NYINGINE INAINGIA

Wakati fiqhi inamtaka muuzaji aseme, sheria ya Kiingereza ilikulia katika kanuni tofauti: mnunuzi ajihadhari mwenyewe. Mwaka 1603, katika shauri maarufu la Chandelor na Lopus, sonara mmoja alikuwa ameuza jiwe kwa pauni 100 akisema ni jiwe la bezoar, lililoaminiwa kuwa dawa. Halikuwa hilo. Mahakama ikaona kuwa kusema tu hakutoshi; maadamu sonara hakutamka kuwa anatoa dhamana, hana la kulipa. Ndugu zetu wa Makongolosi wanaoshika dhahabu kila siku wanaelewa uzito wa hukumu ya namna hiyo.

Kanuni hii ilisafiri. Katika sheria ya mikataba ya India ya mwaka 1872 upo mfano wa mtu anayeuza kwa mnada farasi anayejua kuwa ni mbovu, naye asiseme lolote. Sheria ile inasema hiyo si hadaa. Huyu ni farasi wa mnada wa Kiingereza, na tumekwisha kumwona ngamia wa Wathila. Mmoja ukimya ni haki ya muuzaji, na kwa mwingine ukimya ni dhambi.

Waingereza walipoitawala Tanganyika walileta sheria za kwao kwa amri ya mwaka 1920, na sheria ile ya mikataba ya India ikatumika hapa hadi ilipotungwa sheria ya mikataba ya mwaka 1961, ambayo ilibakisha kanuni ya kwamba ukimya peke yake si hadaa isipokuwa pale penye wajibu wa kusema. Mwaka 1931 ikaja Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, iliyonakiliwa kutoka sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Ni insafu kusema kuwa sheria hii ilipunguza ukali wa kanuni ya kale. Inamtaka mfanyabiashara anayeuza bidhaa za aina yake atoe bidhaa inayofaa kuuzika, na iwe sawa na maelezo aliyoyatoa. Lakini ina milango mitatu ya kutokea. Ulinzi huu wa ubora haumgusi mtu binafsi anayeuza gari lake mara moja. Mnunuzi aliyekagua hana dai kwa kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuionyesha. Na pande mbili zinaweza kukubaliana kuuondoa ulinzi huo kwa maandishi, ndiyo asili ya "kama ilivyo" zetu.

Uingereza yenyewe ilikwisha kuiacha sheria ya 1893. Kwa sheria yake ya mwaka 2015 mnunuzi anayenunua kwa mfanyabiashara ana siku 30 za kurudisha bidhaa mbovu, hata kama imetumika. Marekani, tangu mwaka 1985, muuza magari yaliyotumika analazimika kubandika dirishani karatasi inayosema kama gari lina dhamana au linauzwa kama lilivyo.

Kwa upande wa Waislamu wa Tanganyika, makadhi na maliwali waliokuwa wakisikiliza mashauri ya mauziano walizidi kupungukiwa na mamlaka, na mfumo wa mahakama wa mwaka 1963 ukaziondoa kabisa mahakama za kadhi Tanzania Bara. Sheria ya Kiislamu ikabaki katika ndoa, talaka, mirathi na wakfu. Mlango wa biashara ukafungwa mahakamani, na taratibu ukafungwa vichwani mwetu.

MAGARI YA MITUMBA NA SHERIA YA 2003

Hadi miaka ya mwanzo ya 1980 gari nchini lilikuwa jambo la serikali, mashirika na wachache. Mwaka 1984 watu waliruhusiwa kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na mageuzi ya mwaka 1986 chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi yakaupanua mlango. Magari yaliyotumika kutoka Japani yakaanza kumiminika, na nyanda zetu zikawa njia yake. Kila mkazi wa Mbeya ameyaona magari ya transiti yakielekea Tunduma kwa ajili ya Zambia na Kongo. Kwa Chunya na Makongolosi, ambako dhahabu ya Lupa imevuta watu tangu miaka ya 1920, gari lililotumika ndilo linalobeba mawe kwenda karasha, wagonjwa kwenda hospitali na abiria kwenda sokoni.

Japani gari linapopita mnadani huwa na karatasi ya ukaguzi inayoonyesha daraja lake, kilomita zake, na kama limewahi kugongwa na kutengenezwa. Mara nyingi karatasi hiyo haifiki kwa mnunuzi wa mwisho. Anayeificha huku akijua yaliyoandikwa, hana tofauti na aliyelifunika tabaka lenye unyevu kwa nafaka kavu.

Majirani wetu wamechagua kudhibiti umri: Kenya haipokei magari yaliyozidi miaka 8, na Uganda mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza yaliyozidi miaka 15. Tanzania imetumia kodi kubwa zaidi kwa magari makuukuu, na ukaguzi wa Shirika la Viwango. Muhimu zaidi kwa mnunuzi ni Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1994 na kuunda Tume ya Ushindani. Sheria hii inamkataza mfanyabiashara kumhadaa mlaji na kutoa maelezo ya uongo juu ya ubora wa bidhaa. Zanzibar ina sheria yake ya ushindani halali na kumlinda mlaji ya mwaka 2018. Hapa sheria ya nchi imeisogelea fiqhi. Lakini mtu aliyenunua gari kwa mwenzake wa msikitini hayumo sana katika macho ya Tume, maana muuzaji wake si mfanyabiashara wa magari. Yeye ndiye anayeihitaji fiqhi zaidi.

KWA NINI HATUJUI

Tujiulize: mbona ndugu wawili wanaosali safu moja hawakujua hukumu hii? Sehemu ya jibu imo katika mtaala wetu. Watoto wetu wengi madrasa husoma Safinatun-Najaa, nacho ni kitabu chenye baraka. Lakini asili ya Safina inakomea kwenye zaka. Mlango wa buyuu haumo. Unaanza kuupata katika Matni ya Abu Shuja, ambako imetajwa kwa ufupi kuwa mnunuzi akikuta kasoro ana haki ya kurudisha, na ufafanuzi uko katika Minhaj. Anayeacha masomo baada ya Safina hutoka akijua yanayotengua udhu, naye hajui kinachoharamisha fedha anayonunulia kanzu ya kusalia.

JAWABU LA SWALI

Kwa kuzingatia yaliyotangulia, na kwa mujibu wa madhehebu ya Imamu Shafi ambayo ndiyo ya wengi katika nchi zetu, tunasema yafuatayo.

Kwanza, maneno "kama ilivyo" hayamtoi muuzaji katika dhima ya bloku iliyopasuka, ajue au asijue, kwa kuwa gari si mnyama. Na ikiwa alijua, hatoki hata kwa hukumu ya Sayyidna Uthman. Hata Wahanafi, wanaolisahihisha sharti lile, hawahalalishi kughushi.

Pili, si kila uchakavu ni kasoro. Kasoro ni ile inayopunguza kitu au thamani yake, ambayo kwa kawaida aina ile ya kitu huwa haina. Gari la miaka 15 kuwa na mikwaruzo na viti vilivyochanika si kasoro ya kurudishia. Bloku iliyochomelewa ni kasoro.

Tatu, kusema "ulikagua mwenyewe" hakuna nguvu katika jambo la ndani lisiloonekana kwa macho. Wala kushusha injini hakumnyimi mnunuzi haki yake. Nawawi amesema kuwa kitu ambacho kasoro yake haijulikani ila kwa kukivunja, kama yai au nazi, hurudishwa baada ya kuvunjwa bila fidia, ilimradi asizidishe kuliko inavyohitajika.

Nne, hiyari hii ni ya papo hapo, lakini inahesabiwa tangu siku ya kujua, si siku ya kununua. Aliyejua usiku anasubiri asubuhi. Anayeendelea kubeba abiria baada ya kujua amejivunjia haki yake, isipokuwa mtu wa kawaida aliyekuwa hajui kuwa kuchelewa kunadhuru. Huyo ana udhuru. Kuliendesha gari ili kulirudisha kwa mwenyewe kunasamehewa, kama walivyosamehe kumpanda mnyama mkaidi asiyeswagika.

Tano, nauli alizozipata kabla ya kurudisha ni zake. Mtume (s.a.w.) alihukumu hivyo kama alivyopokea Abu Dawud kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.), kwamba faida inakwenda na dhima: gari lingeungua mikononi mwake hasara ingekuwa yake.

Sita, ikiwa gari limepata kasoro mpya kwa mnunuzi na muuzaji hakubali kulipokea, hulipwa arshi, yaani fidia ya upungufu. Wajuzi wathamini gari likiwa zima na likiwa na kasoro ile ya zamani. Likiwa zima ni shilingi milioni 12 na likiwa na kasoro ni milioni 9, upungufu ni robo. Basi aliyelinunua kwa milioni 10 anarudishiwa milioni 2 na nusu.

Saba, wakibishana kama kasoro ni ya zamani au mpya, na hakuna ushahidi, husadikiwa muuzaji kwa kiapo. Lakini uchomeleaji mkongwe husema wenyewe, na mafundi waadilifu ndio mashahidi wake. Muuzaji anayeombwa kiapo na akaona moyo wake unasita, amkumbuke Ibn Umar, aliyeona kumchukua tena mtumwa ni bora kuliko kuapa.

Hukumu hii haina askari wa kuitekeleza. Mnunuzi anayo haki ya kwenda mahakama ya mwanzo, na sheria ya ukomo ya mwaka 1971 inampa miaka 6 kwa madai ya mkataba. Lakini kabla ya huko ipo sulhu. Wazee wa misikiti yote miwili wakae na hawa ndugu, waite mafundi wawili, na wahukumu kwa yaliyotajwa. Na kabla ya mauziano mengine, maimamu watamke juu ya mimbari kama walivyofanya magavana wa Madina: andikeni hiyari ya siku 3, andikeni kasoro zinazojulikana, leteni mashahidi, badilisheni kadi.

Katika Kiarabu neno aibu maana yake ni kasoro ya kitu. Kiswahili chetu kimelichukua neno hilo na kulipa maana ya fedheha ya mtu. Katika soko la Madina aibu ilikuwa kwenye ukwato wa ngamia, na ikibainishwa, biashara inabaki halali na watu wanabaki ndugu. Ikifichwa, inahama kutoka kwenye bidhaa na kumkaa mwenye bidhaa. Bloku hubadilishwa kwa fedha. Safu iliyopasuka ni gharama nyingine.

Tunamuomba Allah (s.w.) atupe riziki ya halali na ndimi za kubainisha. Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.